Kiprogramu kilichopewa funguo zote

Raimundi, nimetoka kigangoni sasa hivi. Nyimbo zote za kwaya zimefutika kwenye seva, ile kompyuta yao ya kuhifadhia. Zote. Na sauti ya marehemu mke wangu Asteria ilikuwa humo.

Eti kuna kiprogramu cha pembeni, kazi yake ni kupunguza ukubwa wa picha wanazotuma waumini kwenye seva hiyo hiyo. Basi, kupunguza picha. Lakini Clemence, mtaalamu wao, alikiendesha kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine, kiweze kufuta chochote. Mhuni mmoja akatuma picha yenye amri ya kufuta ndani ya jina la picha hiyo. Kikatii.

Nikamuuliza, ulikipa mamlaka yote hayo ya nini? Akajibu, "Shikamoo baba. Kilikuwa kinagoma kwa kukosa ruhusa, na Pasaka ilikuwa imefika."

Pasaka. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kibarua wa kuchuma kahawa nampa kikapu, simpi ufunguo wa chumba ninacholala.

Mwenyekiti wa kwaya, Erasmo, na tumbo lake, eti "Mzee, tutarekodi upya."

Tutarekodi upya. Nikamwambia, "Haya, nenda makaburini ukamwite Asteria mazoezini."

Sasa nisikilize. Kwenye harusi ya Lidia wako uliirekodi kwaya, Asteria akiimba, kwa ile simu yako iliyopasuka kioo. Usiiguse. Usimpe fundi, na hao wataalamu wasiione hata kava lake. Nakuja.