Mwonja Chumvi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mfungo wa pili. Alasiri nimeingia jikoni, shida ileile ya kila mwaka: nani aonje? Mie nimefunga, mdogo wangu Mashaka kafunga. Baba peke yake ndiye hafungi, daktari kamkataza kwa sababu ya moyo. Anaona haya kweli. Mchana anakula chukuchuku yake isiyo na chumvi chumbani, mlango kaurudishia. Nikamwita aonje chumvi ya kunde. Akasema bado, tia kidogo. Uso ukamchangamka! Eti naye sasa ana kazi mwezi huu. Kijiko kimoja kitamdhuru nini?

Jumapili, 9 Machi
Kijiko kimekuwa bakuli. Anaonja magimbi, anasema bado, naongeza, anaonja tena. Tukifuturu, chakula chake hakigusi, anakula chetu. Mashaka kamaliza jagi zima la maji, kaniuliza kama nimepikia maji ya bahari. Nikacheka. Sijui nilicheka nini.

Alhamisi, 13 Machi
Leo sijafunga – siku zangu. Sijamwambia mtu, na baba ndiyo kabisa. Nikaonja mchuzi wa samaki kabla hajaja. Chumvi tele! Akaja, akaonja.

“Bado, Zubeda. Ongeza.”

Ningesema imezidi, angeuliza nimejuaje. Binti amwambie nini baba yake? Nikaongeza. Kijiko kizima. Yaani nimeona aibu ya mwili wangu kuliko nilivyouogopea moyo wake! Mungu anisamehe, maana mie mwenyewe nimeshindwa kujisamehe.

Jumanne, 18 Machi
Miguu imemvimba. Kandambili hazimwingii. Kutoka chooni mpaka barazani kapumzika mara mbili. Leo nilipunguza chumvi – kasema futari haina ladha, kaenda kuchukua kopo la chumvi mwenyewe. Sikumzuia.

Jumatano, 19 Machi
Hospitali tangu asubuhi. Daktari, dada mmoja mpole, kasema moyo umeelemewa, maji yamejaa mwilini. Kauliza habari za chumvi. Baba akanitangulia:

“Binti yangu hanitilii hata punje. Nakula chukuchuku, wallahi.”

Wallahi! Mzee anayeona haya kula mchana kaapa uongo ndani ya Ramadhani, nisigombezwe mie. Daktari akanigeukia. “Ni kweli, dada?” Nikasema ndiyo. Akanisifu, akasema wangekuwa wote kama mie. Halafu akasema kama chumvi haipo, basi dawa ndizo zimeshindwa, anambadilishia, anampa kali zaidi.

Sasa tuko nje kwenye benchi. Daftari mapajani, karatasi ya dawa juu yake. Nimemwambia baba ninaandika saa za kumeza. Mlango wa daktari uko wazi, hajaita mgonjwa mwingine. Hatua nne tu. Najiona mnafiki, na bado nimekaa.

Baba kashasimama, kashikilia ukuta, anahema. Ananihimiza twende, futari itachelewa.