Kiganja cha Keraryo

Mukendo, Musoma
16 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Grace,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku ziwani. Hujambo mama? Kile kifua kimeachia, au joto la Mtwara bado linakusumbua? Baba yako Stanslaus hajambo, yuko shambani anavuna mtama. Mimi ni mzima, ila bega linauma, na utaona sababu yake.

Barua yako kwa dada yako Nyangi ilifika. Unataka akufundishe kusoma viganja, maana wenzako hapo chuoni wanasomana kila jioni na wewe hujui pa kuanzia. Angekujibu mwenyewe, lakini vidole vyake vya mkono wa kulia vimevunjika. Yuko hapa kitandani anasema, mimi mama yake, shangazi yako, ninaandika.

Anasema uanze na mikono yote miwili. Wa kushoto unaonyesha ulivyozaliwa, wa kulia unaonyesha ulivyojijenga. Mstari wa juu, chini ya vidole, ni wa moyo. Unaokata katikati ni wa kichwa. Unaozunguka shina la dole gumba ni wa uhai, na ukiwa mfupi usije ukamwambia mtu atakufa mapema, maana hauhesabu miaka, unaonyesha nguvu tu. Wengine wana wa nne, unaopanda kutoka chini kuelekea kidole cha kati, huo ni wa bahati. Anasema mkono wa mtu usiukandamize, ushike kama umeshika kifaranga. Basi. Na yeye mwenyewe alikuwa hajavuka hapo.

Alifundishwa na mama mmoja mpangaji wangu. Kisha akaenda na ujuzi wake huo mchanga hadi Guta, pale senta anapokaangaga samaki. Wateja wakingoja sato waive, anawasoma mikono, watu wanacheka. Mimi aliniambia nina kichwa kigumu. Baba yako angemwambia hilo bila kuangalia mkono.

Siku moja akaja mfugaji wa kutoka Butiama, Keraryo, alikuwa ametoka mnadani. Huyo hakucheka. Mstari wake wa moyo umekatika katikati, na Nyangi alifundishwa kwamba mkato wa namna hiyo ni uchungu unaoletwa na mtu wa karibu. Akamwambia hivyo.

"Wa karibu nani?" Keraryo akauliza.

"Wa nyumbani," Nyangi akajibu, akageuza samaki.

Kumbe yule bwana alikuwa na wivu wake tangu zamani. Alikuwa anampigaga mkewe, Gati, mpaka majirani wamechoka kuamua. Alirudi Butiama akamkuta mdogo wake, Werema, amekaa uani anakunywa uji aliopewa na shemeji yake. Hakuuliza neno. Alichukua panga akamkata Werema shingoni, na mwenzake alipoinua mkono kujikinga, akaukata na huo mkono. Gati alipokimbilia kumshika mumewe, alipigwa na ubapa wa panga usoni, taya likavunjika. Werema alifia njiani wakimpeleka hospitali.

Polisi walimkamata Keraryo siku hiyo hiyo. Yeye akawaambia hakuwa na akili zake, kwamba mchawi wa Guta alimshika mkono akamtia wazimu. Na ndugu zake wakaona hapo pa kushika. Ndugu yao mmoja wamemzika, wa pili yuko mahabusu. Wakimpata wa kumtwika kosa, labda huyu aliyebaki atatoka.

Walikuja Guta na pikipiki, mchana, baada ya mazishi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeenda kumsaidia dada yako kupaa samaki. Wakauliza, "Msoma mikono ni yupi?" Kabla sijamziba mdomo, Nyangi akasema, "Ni mimi."

Grace, sijawahi kuona mtu akipigwa vile. Walimwangusha kwa fimbo, wakampiga mgongoni, kichwani, tumboni. Mmoja akaukanyaga mkono wake wa kulia kwa buti, akasaga kama anazima sigara. "Tuone kama utasoma tena!" Nilisikia vidole vikivunjika. Nikainua karai la mafuta, yalikuwa yanachemka, nikawamwagia miguuni. Huyo wa buti alianguka analia kama mtoto, ngozi ya mguu ikabanduka. Wakanipiga rungu la bega. Padre ameniuliza kama najutia mafuta yale. Nimemjibu sijuti.

Mwingine alikuwa na chupa ya petroli. Alishaanza kummwagia Nyangi miguuni. Hapo ikafika bodaboda, akashuka mwanamke amefungwa kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini. Sikuwa namfahamu. Alipita katikati yao akamlalia Nyangi pale chini. Ndiye Gati, aliwasikia wakipanga akawafuata.

"Nichomeni na mimi," akasema kwa shida, taya halifunguki. "Panga lilikuwa la Keraryo. Mimi nilikuwepo. Nyie hamkuwepo."

Mwenye petroli akamwangalia, akaangalia chupa, akaiweka chini. Mgambo walipofika, wengine walishakimbia.

Sasa Gati anakaa hapa kwangu, chumba kimoja na dada yako. Wazee wa upande wa mume wamekuja kumwomba aseme mahakamani kwamba mumewe alirogwa. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawakaribisha chai, kisha akawaambia atasema alichokiona. Waliondoka bila kunywa.

Nyangi bado anajilaumu. Najua kila mara anafikiria lile neno lake, "wa nyumbani." Jana Gati alimwambia, "Ungemwambia wa mbali, angenipiga kwa sababu ya mtu wa mbali." Nyangi alilia sana, na baada ya hapo alikula ugali kwa mara ya kwanza bila mimi kumlazimisha.

Kwa hiyo, mwanangu, wasome wenzako, mchekeshane. Ila mtu akikuuliza "ni nani," mwachie mkono wake. Hilo dada yako amesisitiza niliandike. Na mimi naongeza langu: ukimwona anayeuliza hajacheka, ondoka kabisa.

Kesi inaanza kusikilizwa wiki ijayo. Gati anaogopa. Lakini ameshapiga pasi gauni. Nyangi na mimi tutakaa benchi la mbele ili akiinua macho atuone sisi, asimwone yule. Tuombee.

Wajomba zako Baltazari na Florian wanakusalimu, na bibi Debora anauliza utarudi lini. Mungu akufunike huko uliko, akuamshe salama kila asubuhi.

Akupendaye kama amekuzaa,
Shangazi yako Bhoke