Viti vya Nyuma vya Pikapu

Baba Kidoti,

Nimetangulia karakana. Chai iko kwenye chupa. Fundi bomba akija, mwonyeshe sinki.

Kuhusu hizo pikapu mbili za umeme, ~~chukua yoyote, sijali~~ usichukue ile isiyo na viti vya nyuma. Najua chaji yake inakaa zaidi na mbao zetu zitaenea. Wewe na mahesabu yako! Lakini asubuhi nimekusikia ukimwambia muuzaji kwenye simu, “Viti vya nyuma vya nini? Tumebaki wawili tu.” Mwanetu tumemzika juzi tu, mume wangu. Ndiyo maana nimeondoka bila kuaga.

Pikapu ya zamani usiipeleke kwa mnunuzi leo. Kiti cha Kidoti bado kimefungwa nyuma. Nilipojaribu kukifungua, nilikuta nusu ya biskuti aliyoificha pembeni. Usiiguse. Nisubiri, tukitoe pamoja.

Bado mimi,
Mama Kidoti