Kreti Mbili za Bia

Kaka Radoje, huko Vienna,

Plamu zimeiva. Baba alikuwa hajatamka neno tangu kiharusi.

Jumamosi nilipiga besi harusini kwa amplifaya yako, ile unayotaka niiuze. Ukumbi ulipojaa, sauti ikawa uji. Miloje wa akodioni akanicheka: "We dada, unapiga besi au unawasha trekta?"

Kumbe mbao za jukwaa zilikuwa zinanguruma nayo. Nikaipandisha amplifaya juu ya kreti mbili za bia, nikapunguza mvumo wa chini, nikaongeza sauti ya kati. Watu waliposhikana mikono kucheza kolo, miguu yao ilinifuata mimi. Na akodioni ya Miloje pia!

Baba, niliyemkalisha kitini kando ya jukwaa, akakanyaga sakafu, akafoka: "Ongeza!"

Neno lake la kwanza, nawe hukuwepo. Amplifaya haiuzwi.

Mdogo wako,
Desanka