Dola za Safari ya Mayu

Jumatatu, 2 Juni

Nimemwogesha Mayu, mama yetu, nimemkanda miguu, nimempa dawa za asubuhi. Miguu imevimba tena. Kaka Masanja amekuja kutoka Ngulyati na pikipiki, pesa za ng'ombe amezitia kwenye mfuko wa mbegu. Tumeongeza za pamba. Zinatosha kumpeleka India kutengenezwa moyo, ila kwa kubana sana.

Halafu kaka akatoa habari. Atakayemsindikiza ni mdogo wetu, Limi. Anajua Kiingereza, amezoea maofisi, yuko Dar tayari. Mayu mwenyewe ndiye aliyemchagua.

Mwaka mzima nimelala kwenye mkeka pembeni ya kitanda chake. Limi amekuja mara moja, Krismasi, na begi la magurudumu.

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kazi niliyopewa mimi: kutafuta dola.

Jumatano, 4 Juni

Benki ya hapa Bariadi dola hawana. Nimekwenda kwa Mama Jofu, muuza viatu wa karibu na stendi, anayefuata mzigo China. Kanieleza mengi kuliko nilivyouliza. Uwanja wa ndege ndiyo mahali pa mwisho pa kubadilisha pesa, wanajua huna pa kwenda. Noti ziwe mpya, za mia mia. Iliyochanika au ya zamani wanakukata bei, au wanakurudishia. Usidanganyike na ubao wa bei, uliza utapata ngapi mkononi baada ya makato. Ukifika kule, badilisha ya teksi tu, nyingine kabadilishie mjini.

Jioni Limi kapiga. "Dada, nitumie tu hizo hela kwa simu, nitachenji airport. Usijisumbue."

Usijisumbue.

Nikamweleza ya Mama Jofu. Akacheka kidogo, tofauti eti ni ndogo. Kwa mwenye mshahara, ndogo. Kwetu ni ndama mzima.

Jumamosi, 7 Juni

Tumegombana. Masanja yuko upande wa Limi, anasema siku zinakwisha. Pesa ziko chini ya mkeka wangu na sizitoi.

Nimepiga simu benki za Mwanza. Wote wanauliza jambo moja: nani anasafiri? Dola wanamuuzia mwenye pasi na tiketi. Nimejibu, si mimi. Nikajibu tena, si mimi. Pasi yenyewe sina.

Sijui tena kama nagombania bei ya dola au namgombania Mayu. Namwona Limi amemshika mkono, manesi wa huko wanamwita binti mwema. Roho inaniuma. Nimemwombea safari iharibike, kisha nikakumbuka ni safari ya nani.

Jumatatu, 9 Juni

Mayu alisikia ugomvi wote kupitia ukutani. Asubuhi nimemwamkia mwangaluka, hakuitikia. Akasema kwa Kisukuma chetu: "Pasi na tiketi ni zangu. Twende Mwanza mimi na wewe, nitasimama dirishani mwenyewe."

Nimefurahi kama mtoto. Safari nzima na yeye, bila Limi. Nimemnyooshea gauni la kanisani.

Jumatano, 11 Juni

Tumerudi.

Benki ya kwanza walikuwa na dola, noti mpya, bei ya kuridhisha. Ningechukua. Lakini nilitaka bei ambayo Limi hataweza kuicheka. Nikamkalisha Mayu kwenye benchi karibu na mlinzi, nikatoka kuzunguka. Benki ya pili, hovyo. Ya tatu walinipunguzia kidogo, kidogo mno. Nje mwanaume mwenye koti akanifuata, akaninong'oneza bei ya ajabu, tuingie uchochoroni. Nikasimama. Nikafikiria kweli. Kisha nikamkimbia.

Nilipofika, Mayu alikuwa amelala ubavu kwenye benchi. Midomo imebadilika rangi. Mlinzi anampepea na kofia yake. Watu wanauliza, huyu mama yuko na nani?

Vidonge vyake vilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa navizungusha mtaani.

Alimeza. Tukangoja. Pumzi ikarudi taratibu. Dada wa benki akaleta maji, akataka kuita gari la hospitali, Mayu akakataa, akaomba asimamishwe. Tumebadilisha palepale, kwenye dirisha la kwanza. Akasaini jina lake polepole, herufi moja moja, na mimi nimemshika kiuno.

Kwenye basi nikamwomba anisamehe. Tukapita Lamadi. Kisha akasema, "Unadhani nimemchagua Limi kwa sababu ya Kizungu chake?"

Nikasema ndiyo.

"Hospitali wanao wakalimani. Kabula, wewe unanijua. Limi ananijua kwa simu. Nikifa kabla hajanijua, atabaki na nini?"

Nikaangalia nje. Bora ingekuwa Kiingereza. Kiingereza ningekivumilia.

Alhamisi, 12 Juni

Nilidhani wivu utaisha. Haujaisha.

Jumanne, 17 Juni

Uwanja wa ndege, Mwanza. Limi alikuja na ndege ya asubuhi kumchukua. Kapungua. Viatu vya kisigino, macho mekundu.

Dola nimezishonea mfuko ndani ya sketi ya Mayu. Nikampa Limi maelekezo yote: abadilishe kidogo akishuka, nyingi zisubiri mjini, aulize maduka mawili matatu ila asimwache Mayu peke yake hata kidogo, adai risiti. Mashine ya kadi ikimuuliza shilingi au pesa ya kule, achague ya kule, hiyo nyingine wanapanga bei yao wenyewe. Nilingoja acheke.

Hakucheka. Akasema, "Dada, naogopa. Akizidiwa nitafanyaje? Mimi sijawahi hata kumpa dawa."

Nilijiandaa kumchukia wiki nzima. Pale mlangoni nikashindwa. Nikamwonyesha jinsi ya kumwinua bila kumbana kifua. Tukajaribu mbele za watu, Mayu akicheka, anasema tumemgeuza gunia la pamba.

Wakaingia. Mlinzi akaniambia wasio na tiketi waishie hapo.

Alhamisi, 26 Juni

Nimefua mashuka ya Mayu, nimeanika. Nyumba kimya. Kaka kaleta maziwa, kakaa kidogo, kaondoka.

Upasuaji umepita salama. Limi alituma sauti, Mayu akasikika nyuma akikohoa na kumgombeza mtu kwa Kisukuma. Nililia nikiwa nimesimama. Dola Limi alizibadilisha kabla ya upasuaji, duka la karibu na hospitali, akapata bei nzuri kuliko ya uwanjani, anasema alimbishia mwenye duka mpaka wakacheka wote wawili. Mayu alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni yake. Nimemsifu. Imeniuma kumsifu, lakini nimemsifu.

Saa kumi akaandika tena. Siku ya pili Mayu hagusi chakula. Amembembeleza, amemkazia macho, amelia. Afanye nini?

Nilikaa na simu. Wali ukapoa kwenye sahani yangu.

Nikamwandikia: Mayu hali chakula akitazamwa. Mwekee sahani, geukia dirishani, jifanye unaongea na simu. Usigeuke mpaka usikie kijiko kimewekwa chini.

Jambo hilo nilikuwa nalijua mimi peke yangu. Nikatuma.