Nimebaki na Nyimbo za Chini

Bweni la wafanyakazi,
Poland.

Kwa mpenzi wangu Akinyi, Mama Chebet,

Chamge. Natumaini barua hii itakupata ukiwa mzima hapo Kapsoit, wewe na mtoto, na kwamba kile kifua chako cha msimu wa mvua kimetulia. Ng'ombe amezaa? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba hali nyasi vizuri, nikakaa na wasiwasi kana kwamba mimi ndiye ninayezaa. Na majani chai yetu je, unachuma mwenyewe au umempa mtu? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Lakini kuna jambo nimekuficha, na leo nimeona niliandike kwa kalamu, kisha nipige picha ukurasa mmoja mmoja nikutumie. Kwa simu ungeniuliza maswali, na mimi ningejibu ovyo kama ninavyojibu siku hizi.

Najua umekasirika. Najua umewaambia watu kwamba Kiprono tangu afike Ulaya hana haja na wa nyumbani. Unaniuliza hivi, nakujibu vile. Siku ile uliponiambia mama yako amelazwa, nilisema, "Hiyo ni vizuri." Ukakata simu. Akinyi, mimi sikukusikia. Masikio yangu yanakufa, na nimekuwa nikikwambia mtandao ni mbaya.

Ngoja nianze mwanzo, maana mwanzo wenyewe ulikuwa wa furaha.

Bweni letu lina jiko moja la wote. Jumamosi kila mtu hupika chakula cha kwao na kuweka muziki wa kwao kwenye spika ndogo iliyo juu ya friji. Mimi nilidhani nimeshasikia muziki wote: nyimbo za kanisa, benga ya kwenu, rhumba, na zile kelele za vijana. Kumbe nilikuwa sijasikia kitu. Gela, Mgeorgia ninayelala naye chumba kimoja, alituwekea nyimbo ambazo wanaume wa kwao huimba wakiwa mezani. Sauti tatu, hakuna hata gitaa, na besi inashika noti moja na kuing'ang'ania mpaka mwisho. Mzee mmoja wa Indonesia, fundi wa kunoa misumeno, alituwekea gamelan. Ni shaba nyingi za kugonga. Zile ndogo zinakimbia, na gongo kubwa, lile la shaba pana kama sinia, linakuja polepole nyuma yao kama mzee anayefuata mbuzi. Halafu Bataa wa Mongolia, mtu asiyeongea, siku moja aliweka sahani chini akafungua mdomo, na sauti mbili zikatoka kwa mtu mmoja. Moja ilikuwa ikiunguruma kifuani, nyingine ikipiga mluzi juu yake. Wanaiita khoomei.

Nilikupigia siku hiyo hiyo nikusikilizishe. Ukaniuliza, "Huyo mtu ako na pepo?" Tulicheka mpaka Chebet akaamka.

Basi nikawa mwanafunzi tena. Nikitoka kazini natafuta kwenye simu muziki ambao hakuna mtu wa Kapsoit amewahi kuusikia. Nilipata morna ya Cape Verde, nyimbo za watu wanaokumbuka kwao, nikaimba nayo nikiosha sufuria bila kujua neno hata moja. Nilipata wachungaji wa kisiwa kimoja cha Italia wanaosimama kwa duara na kuimba, mmoja akiiga ng'ombe, mwingine kondoo. Nikasema hawa ni Wakipsigis waliopotea njia. Nilikuwa nimepanga nikirudi niifundishe kwaya yetu wimbo mmoja wa Kigeorgia, pasta apende asipende.

Sasa kuhusu kazi. Niko kwenye msumeno mkubwa unaopasua magogo. Kelele yake huwezi kuielezea. Unaisikia kwa meno. Walitupa vifuniko vya masikio, na mimi nilivivaa kila siku, usidhani nilikuwa mkaidi. Lakini asubuhi za hapa zinauma. Mimi mtu wa Kimulot, niliyekua nikikanyaga umande wa msitu wa Mau bila viatu, nilidhani baridi naijua. Siijui. Kwa hiyo nilikuwa navaa marvin kwanza, ile kofia ya sufu uliyonifumia, kisha vifuniko juu yake. Daktari ndiye aliyekuja kunieleza kwamba sufu inaacha mwanya, na kelele inapita hapo kama maji. Tafadhali usijilaumu. Ulifuma kofia, hukufuma ugonjwa. Nimeandika sentensi hiyo mara kadhaa kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiandika hapa, maana nakujua.

Halafu ninyi wa kwaya mkanitumia ule wimbo wa Pasaka niliowafundisha.

Niliketi kitandani nikausikiliza kama mwalimu wenu. Besi walikuwa imara, tena walikuwa wanavuta nyuma kama kawaida yao, ngoma ilikuwa sawa. Soprano hakuna. Nikarudia. Hakuna. Hasira ikanipanda, nikaandika kwenye kikundi cha kwaya, mbele ya watu wote: "Soprano mko wapi? Mmegoma? Mama Chebet kama umechoka kulead sema, tutafute mtu mwingine." Wewe hukunijibu. Dada yako ndiye aliyeniandikia kwamba ulitoka mazoezini ukilia na hukurudi.

Nilipokuwa bado naandika maneno hayo, wimbo ukiendelea kwenye simu, Gela alikuwa amelala kwenye kitanda chake. Akainua kichwa akaniambia, kwa kile Kiingereza chetu cha kuokoteza, "Huyo mwanamke wa juu ni nani? Anaimba vizuri sana."

Nikamwambia hakuna mwanamke hapo. Akaniangalia. Akaja akaketi kando yangu, akaurudisha wimbo mwanzo, na kila sauti yako ilipopanda, aliinua kidole. Kidole kilipanda, kikakaa juu, kikashuka, kikapanda tena. Nilijua kila mahali kidole kilipoenda, kwa sababu wimbo huo nilikufundisha mimi. Lakini sikusikia kitu. Nilimwomba atoke chumbani nikalia peke yangu, Akinyi, mtu mzima na ndevu zangu.

Siku nilipoenda kliniki waliniweka kwenye kijumba kidogo, wakaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa humo nikingoja mlio ambao ulikuwa umeshapita. Daktari akanionyesha mstari kwenye karatasi. Umeanza juu vizuri, kisha umeteremka kama barabara ya kutoka Kericho kwenda Sondu. Aliniambia ndani ya sikio kuna vinywele vidogo, na vile vya sauti za juu vyangu vimekufa. Na mimi, mtu aliyezoea majani chai, ambayo ukiyachuma leo yanachipuka tena, nikamwuliza vitaota lini. Akaniambia haviotagi. Kuna vifaa vya kuvaa sikioni, vitanisaidia kwa maneno ya watu wazima, lakini pale ambapo hamna kitu tena havitaleta kitu. Na nikiendelea na msumeno, hata haya yaliyobaki yatakwenda. Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Chebet.

Jumamosi iliyofuata Bataa aliimba tena. Nilisikia ngurumo ya kifuani tu. Nikamwuliza kwa nini siku hizi ameacha mluzi. Gela akaniambia hajauacha, na Bataa akainamisha kichwa.

Tangu hapo nimekuwa kama mtu anayeokota kuni mvua ikiwa imeshaanza. Morna imekwenda, naona mama mle kwenye video anafungua mdomo, nasikia gitaa lake tu. Nikaanza kutafuta nyimbo za chini, za nchi yoyote ile, mradi nizisikie. Wale wachungaji wa kisiwani, namsikia yule wa ng'ombe, wa kondoo simsikii. Kwa gamelan nimebaki na gongo. Kuna watawa wa milima ya Tibet wanaoimba chini sana, na wana baragumu ndefu kuliko mtu. Hizo nazipata vizuri, na ninazicheza tena na tena kama mwendawazimu. Watu wa hapa wanadhani nimependa sana muziki. Siupendi, naukimbilia.

Siku moja walinidai zamu yangu. Kila mtu ametoa cha kwao, mimi nimetoa nini? Nikasimama nikawaimbia ule wimbo wa Pasaka, sauti yangu ya besi, kwa sababu ndiyo pekee ninayoweza kuiamini. Unajua besi ikiimbwa peke yake inavyokuwa: inapiga hatua mbili, inangoja, inarudi pale pale. Nikamaliza. Yule mzee wa Indonesia akaniuliza kwa upole, "Na wimbo uko wapi?" Wimbo unao wewe.

Niliomba kwa msimamizi anihamishe niende uwanjani nipange mbao, mbali na msumeno. Alisema nivumilie mpaka watakapopata mtu mwingine. Kila siku namwuliza, na kila siku naona mdomo wake ukisema jambo lile lile. Juzi gongo la yule mzee lilipolia, nililijua kwa kiganja changu kilichokuwa juu ya meza kabla sikio halijasema chochote. Nimeogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata usiku ule wa vurugu za uchaguzi tulipomficha baba yako kwa shangazi yangu.

Kwa hiyo narudi. Kandarasi haijaisha na yule wakala wa Nairobi atapiga kelele, apige. Najua tulivyopanga, na najua watakaosema Kiprono ameshindwa na Ulaya. Wewe waambie hivyo hivyo, ni kweli nimeshindwa. Ninachoogopa si wao. Naogopa kufika hapo mlangoni nikiwa mtu wa kupigiwa kelele, kwaya inasimama na mimi nashika fimbo kwa watu nisiowasikia, na wewe unachoka polepole. Ulikuwa ukinicheka nikisema "pado" mahali pa "bado", nami nikikasirika. Sasa natamani kicheko chako na sijui kama bado kipo kwangu. Kama unaweza, ukiongea nami shuka chini, chini kabisa, kama unavyomkemea ng'ombe. Usione haya. Huko chini bado nipo.

Nisalimie baba yangu kule Kimulot, umwambie nakuja lakini usimwambie kwa nini, nitamwambia mwenyewe tukiwa tumeketi. Msalimie mama yako, na umwombe msamaha kwa lile neno nililolisema. Mwambie sasa nimejua alikuwa mgonjwa, na ninamwombea. Msalimie dada yako kwa kutonificha ukweli. Msalimie pasta. Wasalimie soprano wote, mmoja mmoja, uwaambie mwalimu wao alikosea na hakuna aliyegoma. Rudi ukaimbe, tafadhali, hata kama mimi nitakuangalia tu.

Kuna jambo moja lililobaki, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita ulinitumia sauti ya Chebet. Najua ni yeye kwa sababu uliandika chini yake, "Msikize mtoto wako." Nimeifungua sijui mara ngapi. Naona ule mstari wa sauti kwenye simu ukiruka anapoongea, halafu unatulia kidogo, halafu unaruka tena. Nimeweka simu sikioni, nimeiweka kwenye taya, nimeiuma kwa meno. Gela anamsikia vizuri, lakini hajui Kiswahili. Alijaribu kuniigizia, ikatoka Kigeorgia. Amenieleza tu kwamba mtoto anaanza akicheka, na mwishoni anauliza kitu, halafu anangoja.

Niandikie, Akinyi. Ananiuliza nini?

Mumeo,
Kiprono