Chombo cha Asilimia Tisa

Jumatatu, 2 Juni

Nimeruka mara kumi na nne kwenye gemu, hapa kwenye kompyuta ya duka langu la ushonaji, kabla ya mteja wa kwanza. Nyota tatu mpya! Mpya kabisa, hakuna mchezaji mwingine duniani aliyewahi kuzifikia. Nimezipiga picha, nikarudi kwenye kola za sare za shule. Wiki ya tano hii tangu chombo changu kiondoke kituoni. Ukingo wa galaksi unakaribia, nyota zimeanza kuwa chache. Nimeshona mfuko juu chini.

Jumanne, 3 Juni

Nyota 309. Ila jina langu haliandikwi kwenye hata moja mpaka nirudi kituoni na picha. Chombo kikilipuka njiani, zote zinafutika. Ndiyo sheria ya hili gemu, na ndiyo utamu wake. Dotto wa Itigi, aliyenifundisha kucheza, mwaka jana aliishia nusu ya njia hii, akagonga sayari. Anasema ananiombea. Mwongo, ana wivu.

Alhamisi, 5 Juni

NIMEFIKA. Nyota ya mwisho, ya 313. Ndogo, nyekundu, na kasayari kamoja ka barafu. Mbele yake hakuna kitu. Nimepiga kelele mpaka jirani muuza vitenge akaja mbio, akidhani sindano imenipita kidoleni. Nimemwonyesha. "Kadoa kekundu tu haka?" Sijali. Leo mtaa wetu wote wa Utemini hakuna aliye mbali kama mimi, na nimekaa palepale kwenye stuli.

Ijumaa, 6 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nne asubuhi nilikuwa nachota mafuta. Chombo kinachota kwenye jua: unasogea karibu, tangi likijaa unatoka upesi. Suala la sekunde. Nikasikia hodi. Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, kutoka kijijini Mwankoko, koti la kutiwa bitana begani. Mkono uliacha kompyuta wenyewe. Nikavua hedifoni, nikapiga goti. Shikamoo. Marahaba. Halafu habari za nyumbani, mama, watoto wa dada, mbuzi, alizeti, kikohozi cha shemeji. Mmoja mmoja. Mtu kama yule humkatishi. King'ora cha chombo kilikuwa kinalia kwenye hedifoni pale mezani, na mimi nimeinamisha kichwa najibu wazima, wazima.

Nilipogeuka, kioo chote cha kompyuta kilikuwa cha njano, jua limekijaza. Nimekitoa chombo motoni. Bodi yake imebaki asilimia tisa, ikifika sifuri kinalipuka, na mafundi wa vyombo wako kituoni tu. Nimelia mbele ya Baba Mkubwa kama mtoto.

Ikabidi nimweleze yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigombeza, ila si kama nilivyotegemea. "Ungesema uko safarini! Mtu wa safari anasalimiwa kwa ufupi, anaachwa aende." Amekasirika kweli. Ameondoka na koti lake hata bitana sijaigusa.

Jumamosi, 14 Juni

Narudi moja kwa moja, sisimami kupiga picha. Kila nikiruka, chombo kinatokea karibu na jua fulani, na kila jua linanimegea bodi kidogo. Asilimia saba. Nageuza haraka, napumua, naruka tena. Nimechanganyikiwa kwa raha! Sijawahi kuogopa vizuri namna hii.

Baba Mkubwa amepiga simu. Nikasalimia, akaitikia, akauliza nimefika wapi. Nikasema bado kidogo nifike nusu. "Haya, nenda." Akakata. Mzee ambaye salamu zake humaliza vocha! Nimecheka mpaka nikashika mbavu.

Jumatano, 25 Juni

Jua pacha. Nimetokea katikati ya majua mawili, moto kushoto, moto kulia. Nilipiga ukelele, mteja niliyekuwa nampima kiuno, jicho moja kwenye kompyuta, akaruka na futi kiunoni. Nimepenya. Asilimia mbili.

Dotto ametuma ujumbe wa sauti, anapumua kama ndiye anayeendesha. Ananishauri nizime, nipumzike siku mbili. Nipumzike vipi? Nina furaha ya ajabu ambayo sina pa kuipeleka. Mteja nimemwomba radhi. Nimempima upya.

Jumapili, 29 Juni

Nilitoka kanisani, nikapita dukani, sikufungua mlango wa mbele. Nimetua kituoni saa tisa alasiri. Taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Bodi asilimia moja.

Sikupiga kelele. Picha zilipokelewa, jina langu likaanza kujiandika lenyewe kwenye kila nyota. Salome. Salome. Salome. Mia tatu kumi na tatu. Nimeyasoma majina yote, sikuruka hata moja.

Dotto ameandika hongera kwa herufi kubwa, anataka nimwonyeshe njia. Dada yangu ameuliza kama kuna zawadi. Nikasema hakuna. Akasema aa.

Nikampigia Baba Mkubwa. Shikamoo. Marahaba. Nimefika, Baba. Nikasikia anavuta kigoda.

"Pole na safari, mwanangu."

Wiki zote hizi, hakuna mwingine aliyenipa pole hiyo. Nikamjibu nimeshapoa. Akaniuliza huko mwisho kukoje. Nikamwambia kuna baridi, kuna kimya, na kuna kasayari kamoja. Tumeongea mpaka dakika zangu zikaisha.